Mtunzi wa Ndiva

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana simu za kugusa zilikuwa zimeshafika hadi milimani Upare, palikuwa na kaka na dada waliokaa nyumba moja. Kaka aliitwa Eliapenda, fundi seremala. Dada aliitwa Nakijwa, fundi cherehani. Siku moja Eliapenda akaanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka, akavunjika nyonga, akalala kitandani mwaka mzima. Nakijwa akamlisha, akamwogesha, akamgeuza ubavu huu na ubavu ule.

Mwili ulilala, mikono ikakataa. Eliapenda akaomba mbao na patasi, akachonga vigae sabini na viwili, kila kimoja ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kwenye hiki akachora mfereji, kwenye hiki shamba, kwenye kile njia ya miguu. Ukiokota kigae unakipanga mezani kando ya vingine, mfereji uungane na mfereji, njia iungane na njia, mpaka maji yatoke bwawani yafike mashambani. Mwenye mashamba mengi yaliyopata maji ndiye mshindi. Akauita mchezo huo Ndiva, jina la mabwawa ambayo wazee wao walichimba kwa ajili ya kumwagilia.

Ulikuwa mzuri kuutazama, mbaya kuucheza. Aliyeanza ndiye aliyeshinda, kila mara. Majirani walicheza mara mbili, mara tatu, wakachoka.

Nakijwa akawaza akiwa kwenye cherehani yake. Siku tisa akawaza. Siku ya kumi akamwambia kaka yake, "Tuweke sheria. Anayefungua maji asimwagilie shamba lake kabla hajamwagilia la mwenzake."

"Mchezo gani huo wa kumsaidia mpinzani?"

"Tujaribu tu, kaka."

Wakajaribu. Wakacheza saa mbili, na hakuna aliyejua mshindi mpaka kigae cha mwisho. Majirani wakarudi. Wakaja na wageni wao. Wakawa wanabisha hodi wakisema, "Tumekuja kucheza mchezo wa Nakijwa."

Eliapenda akalisikia hilo mara ya kwanza, akajifunika shuka. Akalisikia mara ya pili, akageukia ukutani. Alipolisikia mara ya tatu alikuwa ameanza kutembea kwa magongo. Asubuhi yake akajikokota hadi jikoni, akavimwaga vigae vyote sabini na viwili motoni. Nakijwa alikuwa pale pale akikoroga uji. Angeweza kunyoosha mkono akavuta japo vichache. Hakunyoosha. Alimtazama kaka yake, akaendelea kukoroga, na uji ule wakaunywa wote wawili.

Sasa, chumba cha uani alikuwa amepanga mwalimu wa kompyuta aitwaye Sifaeli. Huyu alikuwa amepiga picha kila kigae, na sheria alikuwa amezinakili zote daftarini. Akahama bila kusema kitu. Akaacha kazi ya kufundisha, akakaa miaka miwili akiuingiza mchezo ule kwenye simu, ili mtu wa Kigoma aweze kucheza na mtu wa Mombasa, kila mmoja akiwa kwake. Macho yakamharibika. Mchumba akachoka kusubiri, akaolewa na mwingine. Mchezo ukatoka, watu wakaucheza kwa maelfu.

Nakijwa aliuona kwa mteja aliyeleta gauni. Akauweka kwenye simu yake, akapangwa na watu watatu asiowajua. Vigae vikatokea kwenye kioo, na mikwaruzo ya patasi ya kaka yake ilikuwa bado inaonekana. Akaitazama mikwaruzo badala ya mifereji, akaweka kigae pasipo pake. Mmoja wa wale watatu akamwandikia: "Wewe, kama hujui sheria, nenda kajifunze kwanza."

Akatafuta jina la mtunzi. Paliandikwa: Sifaeli.

Hakulia. Alimpelekea kaka yake ile simu, naye akaitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe. Wakaandika malalamiko kwa chama cha wachezaji, ambacho kilikuwa kinajiandaa kumtuza mtunzi wa Ndiva. Chama kikaagiza lile jina lifutwe mchezoni, kikawaita wote watatu, kikawaambia, "Mtunzi huandikwa mmoja. Kubalianeni kabla ya Ijumaa."

Wakakaa meza moja.

Eliapenda akasema, "Nilichonga nikiwa siwezi hata kujigeuza kitandani. Kabla yangu palikuwa na mbao tupu. Jina ni langu."

"Uliviteketeza mwenyewe, kaka," Nakijwa akasema.

"Vilikuwa vyangu kuviteketeza."

Sifaeli akasema, "Ukishachoma, umemaliza. Kilichobaki nilikibeba mimi. Nimepoteza kazi, nimepoteza macho, nimepoteza mchumba. Bila mimi Ndiva ni majivu. Jina ni langu."

"Ungetuuliza, mwalimu."

"Ningemuuliza nani, dada Nakijwa? Mmoja alikuwa anachoma, mwingine anakoroga uji. Nilikuwa mlangoni siku ile. Nilikuona."

 Nakijwa akasema taratibu, "Ni kweli, niliviacha viungue. Nilikuwa nimemwogesha mtu mwaka mzima, nikamwona anachoma kitu pekee kilichowahi kuitwa kwa jina langu. Nikasema moyoni, na viungue. Lakini ondoeni sheria yangu, muone nani atarudi kucheza siku ya pili. Bila hiyo kaka ana mbao, na wewe una picha. Jina ni langu."

Ijumaa ikafika, ikapita. Tuzo ikapewa mchezo mwingine. Eliapenda akahamia kwa binamu yao mjini Mwanga, pamoja na magongo yake na patasi zake, na mpaka leo akitajiwa dada yake huuliza, dada yupi. Sifaeli hajibu simu ya mtu. Ndiva bado inachezwa, na pale pa jina la mtunzi pako wazi. Nakijwa huicheza mchana akila peke yake, kwa jina la kubuni, na mara nyingi hushindwa.

Haya, ninyi mlionisikiliza, kalamu nawakabidhi. Wa kwanza alibuni, kisha akachoma. Wa pili alirekebisha, kisha akatazama vikiungua. Wa tatu aliokoa, kisha akajiandika peke yake. Nafasi ni ya jina moja tu. Je, mngeliandika la nani?