Viatu Mlangoni kwa Bi Mashavu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya majitu na sungura, ni zamani ya chaguzi chache tu zilizopita, kulikuwa na watu wanne waliopendana kwa sababu ya mchezo. Mji wao uliitwa Kwamsala. Kila Ijumaa baada ya alasiri walikutana sebuleni kwa Bi Mashavu, mshonaji, mjane, mwenye kahawa isiyo na mpinzani.

Wa kwanza ni Bi Mashavu mwenyewe. Wa pili ni Salmini kinyozi, rafiki wa marehemu mumewe, mtu wa utani ambaye mdomo wake hauna komeo. Wa tatu ni Chausiku muuza maandazi, akisema hapana ni hapana. Wa nne ni Nunu, mwalimu wa chekechea. Huyo Nunu mshikeni vizuri, kwa sababu mzigo wa hadithi hii uliangukia kichwani kwake.

Mchezo wenyewe haukuwa bao wala karata. Mmoja, naye ni Nunu, alisimulia mji usiokuwepo. Wengine kila mmoja alichagua mtu wa kuwa katika mji ule. Ukisema "naparamia ukuta," basi umeparamia. Jambo likiwa gumu hutupwa dadu: likikubali umefaulu, likikataa umeanguka chini na wenzako wanakucheka. Wamewahi kuwa wezi wa ngamia, wamewahi kuwa mahujaji waliopotea njia. Watu wazima na akili zao! Na walikuwa na raha, usiseme.

Sharti lilikuwa moja tu, na liliwekwa na mwenye nyumba: siasa huvuliwa mlangoni pamoja na viatu. Atakayeiingiza ndani atavaa viatu vyake, aende, asirudi tena. Na wa kuamua ni msimulizi.

Msimcheke Bi Mashavu. Uchaguzi mmoja nyuma, Kwamsala iligawanyika vipande viwili. Watu wa bendera hii hawakununua kwa watu wa bendera ile. Harusi zilisusiwa. Mama yake Bi Mashavu akafariki katikati ya balaa hilo, na nusu ya mtaa ikafunga milango. Waliokuja kulibeba jeneza hawakutosha kupokezana. Bi Mashavu alisimama dirishani akawaona wakilitua chini pale kwenye kona, wapumzike, kisha walinyanyue tena. Mama yake, chini, kwenye vumbi la barabara. Jambo hilo lilimuuma na halikuacha kumuuma.

Haya. Ijumaa moja Nunu akaanza kusimulia:

"Mji wetu umekauka. Kisima ni kimoja. Kina kifuniko cha chuma na kufuli, na ufunguo uko kiunoni mwa Liwali."

Hakukusudia lolote. Lakini asubuhi ile alikuwa ametoka mtoni na ndoo kichwani, kwa kuwa bomba la mtaa lilikuwa limefungwa. Eti linatengenezwa. Na mtaa uliomnyima diwani kura ndio huo ambao bomba lake halikuisha kutengenezwa. Diwani mwenyewe, Mheshimiwa Mbwana, alikuwa kaka yake Bi Mashavu, baba mmoja mama mmoja. Shingo ya Nunu ilikuwa bado inauma alipofungua mdomo, na neno lililokuwa karibu ndilo lililotoka.

Salmini alikuwa Liwali. Akajipapasa kitambi ambacho hakuwa nacho, akasema, "Anayetaka maji aje apige magoti, aseme Liwali hana mfano."

Chausiku alikuwa mchota maji. "Sipigi magoti."

"Basi hunywi."

"Basi navunja kufuli."

Nunu akamgeukia Bi Mashavu, ambaye siku zote alikuwa mganga. "Mganga, wagonjwa wako wana kiu. Unafanyaje?"

"Mganga yuko ndani anatwanga dawa," akajibu Bi Mashavu. "Habari za kisima hazijui."

Dadu likatupwa. Likabingirika hadi ukingoni mwa mkeka, likasimama kwenye sita. Chausiku akaruka juu. "Kufuli chini! Maji hayatoki kinywani mwa Liwali!"

Salmini akaangua kicheko. "Alaa! Mchota maji huyu angekuwa wa mtaani kwetu, diwani angelala na viatu!"

Baraza likapoa. Neno diwani lilikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile. Bi Mashavu akakusanya vikombe.

Yangeisha hapo. Lakini Jumatatu Chausiku akasimama kwenye bomba lililofungwa, ndoo mkononi, wanawake wenzake wamemzunguka, akasema, "Maji hayatoki kinywani mwa diwani!" Hakuvunja kitu, alisema tu. Wenzake wakalipokea neno, wakalifanya wimbo, wakenda nalo hadi ofisi ya kata. Jioni bomba likatoa maji.

Na jioni hiyo hiyo Mheshimiwa Mbwana akafika kwa dada yake. Hakuingia, hakuvua viatu.

"Mashavu, nimeambiwa yote: uasi umepikwa juu ya mkeka wako. Mtoe aliyeuleta. Usipomtoa, huna kaka. Hata siku yako ya kufa usinitazamie."

Ijumaa ikafika. Wanne wakaketi. Bi Mashavu alishika dele la kahawa, hakummiminia mtu.

"Nunu, mdogo wangu," akasema, "sharti ni sharti. Mmoja wetu avae viatu. Amua."

Nunu akakisogeza kikombe chake kando. "Semeni kwanza," akasema.

Salmini akaanza, na siku hiyo hakutania. "Neno nimelitaja, shemeji, siwezi kukana. Lakini lilikuwa limekaa hapa katikati yetu, linakunywa kahawa na sisi. Mimi nililiita jina tu. Anayesema 'nyoka huyo', ndiye aliyemleta nyoka?"

Chausiku akafuata. "Mimi humu ndani sikumtaja mtu. Nilivunja kufuli la mji usiokuwepo. Niliyoyasema bombani niliyasemea bombani, na viatu vyangu miguuni. Sharti linakataza kuingiza. Halikukataza kutoa." Kisha akageuka. "Dada Mashavu, niwie radhi, nikuulize. Kahawa hii umeipika kwa maji gani?"

"Ya bomba la uani."

"Ambalo halikufungwa."

"Halikufungwa. Kuna aliyekuja na ndoo nikamrudisha?"

"Hakuna, Mungu akubariki. Lakini mganga wako alikuwa anatwanga dawa ya nani, watu wanakufa na kiu nje ya mlango wake? Kunyamaza kwa dada wa diwani hakukuwa upande?"

Bi Mashavu akaliweka dele chini. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Chausiku, hukuwa dirishani siku ile. Hukuona mama yangu akituliwa chini kama gunia. Sharti hili sikuliweka kumlinda Mbwana. Nililiweka ili tuzikane. Nyinyi watatu mlikuwa bendera tofauti na yangu, na bado mmekula hapa kila Ijumaa. Ni kwa nini, kama si sharti? Na mimi pia nataka kaka yangu aje kunizika. Ni kosa?"

Salmini aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Na mimi je?" akasema Nunu taratibu. "Kisima ni changu. Ufunguo niliutia mimi kiunoni mwa Liwali. Ningeweza kusimulia mji wenye mvua."

"Ungesimulia mji gani usio na mwenye ufunguo?" akauliza Chausiku.

"Wa mahujaji. Wa ngamia."

"Hata ngamia walikuwa na mwenyewe, Nunu," akasema Salmini. "Na sisi tulikuwa wezi wake."

Nunu akatamani kucheka, akashindwa. Aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomkaba. Akimtoa Salmini, kamfukuza mtu kwa mzaha. Akimtoa Chausiku, kamfukuza aliyemtua ndoo kichwani, maana asubuhi ile Nunu alichota maji kwenye bomba la mtaa, hakwenda mtoni. Akitoka yeye, mchezo umekufa, na diwani atasema amepewa kondoo badala ya chui. Akisema mwenye nyumba ndiye mwenye kosa, atamfukuzaje mtu sebuleni kwake? Na akikataa kuamua, Bi Mashavu atakuwa amepoteza kaka kwa ajili ya dadu.

Akainuka, akaenda mlangoni. Viatu vilikuwa pale vimepangana: makubadhi ya Salmini yaliyoliwa kisigino upande mmoja, kandambili za Chausiku zilizopakaa unga, ndara za Bi Mashavu za kwendea uani, na vyake mwenyewe, bado vina tope kavu la mtoni. Ng'ambo ya barabara Mheshimiwa Mbwana alikuwa amesimama, mikono nyuma, anangoja kuona nani anatoka.

Nunu akainama. Akaokota jozi moja.

Msinitazame mimi, kazi yangu ilikuwa kuwafikisha mlangoni na nimewafikisha. Sasa nyinyi mlioketi hapa, na viatu vyenu mmeviacha nje, niambieni: siasa iliingia na nani katika nyumba ile? Aliyechimba kisima, aliyevunja kufuli, aliyetaja jina, au aliyeweka sharti? Je, Nunu aliokota viatu vya nani, na ni vya nani vilivyostahili?