Picha ya Saba

Jumba la picha lilikuwa na picha sita za mtunzi maarufu wa tamthilia, na katika zote sita alikuwa akicheka. Nani angewalaumu wachoraji? Mzee yule alivunja watu mbavu hata matangani. Alipomzika bintiye wa pekee, hazikupita wiki tatu akarudi jukwaani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Amepoa," watu wakasema, roho zikawatulia.

Kazi ya kuchora picha ya saba alipewa mwanamke mmoja ambaye picha zake hazikuwahi kutundikwa humo. Msimamizi wa jumba akamtahadharisha: "Dada, huyu hapa kwetu huwa anacheka. Asiyecheka hatumtundiki."

Siku ya nne ya kuchorwa, mtunzi alifika kimya, akaketi, mikono magotini, midomo imemlegea.

"Leo nichore hivi hivi, mwanangu," akasema. "Nimechoka kuwachekesha."

Mchoraji akamchora hivyo hivyo, na tangu ashike brashi hakuwahi kuchora kinywa cha kweli kama kile. Lakini alipobaki peke yake hofu ikamwingia. Wakiikataa je? Akachovya kitambaa kwenye tapentaini, akaufuta mdomo ule rangi ikiwa bado mbichi, akachora unaocheka. Kesho yake mtunzi aliitazama picha kwa kitambo kirefu.

"Umenitibu kuliko daktari," akatania, akaenda zake. Mchoraji akacheka, tena kwa furaha.

Haukupita mwezi, moyo wa mtunzi ukasimama.

Baada ya maziko mjane alikuja jumbani. Alipita picha moja baada ya nyingine, mkoba kaukumbatia kifuani, mchoraji akimfuata nyuma.

"Wote wanacheka," akasema mjane. "Huyu ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni. Yule niliyebaki naye wakishaondoka yuko wapi?"

Mchoraji hakuweza kujizuia. Alilia, akaungama yote.

"Huwezi kuukwangua mdomo huu, mwanangu, utokeze ule wa chini?"

"Haupo, mama. Niliufuta kwa hofu. Naye alipotania, nikadhani amepoa."

Mjane akamshika bega. "Dawa zake za moyo nimezikuta chini ya godoro. Hakuzigusa tangu tumzike binti yetu. Mimi mkewe nililala juu ya dawa hizo kila siku, nami nikidhani hivyo hivyo."

Mwenye kovu usidhani kapoa.