Mkaja wa Mwanasiti

Pah! Sahani ilivunjika uani, usiku wa kuamkia harusi ya Mwanasiti. Wanawake waliokuwa ndani na bibi harusi wakageukia dirisha.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Hidaya, shangazi yake.

"Mwosha vyombo tu," alijibu Mwanasiti, bila kutazama dirishani.

Alimjua. Alikuwa mama yake.

Mama huyo ndiye aliyemzaa. Alipofiwa na mume, alimpeleka mtoto wa miaka miwili kwa wifi yake asije akalala njaa. Baadaye akatafuta kazi ya kuosha sahani katika chuo alichosoma binti, apate kumwona kila adhuhuri. Miaka mitatu Mwanasiti alimpa sahani chafu bila salamu. Wenzake aliwaambia mama amekufa. Hata harusini mama alikuja kuosha vyombo tu, bila kualikwa.

Bi Hidaya ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni, akakesha naye alipougua surua, akamfundisha kusoma kwa mwanga wa koroboi. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Bi Mize ndiye somo, aliyemfunda siku saba ndani. Usiku ule aliliona jicho la mwari likikwepa dirisha.

"Wee mwana, una miaka ishirini na minne. Nimekufunda udi na liwa, kumbe kujitazama hujui! Yule wa uani ana uso wako. Ukiolewa na uongo, utazaa na uongo."

Mwanasiti alilia mpaka wanja ukachuruzika. Kwa mara ya kwanza alijiona, na alichokiona kilimtia soni.

Asubuhi mshenga alileta mkaja, kitambaa anachofungwa kiunoni mama wa bibi harusi. Ni kimoja, hakikatwi.

"Haya, mama ni nani hapa?"

Mwanasiti akasimama, ingawa kwa mila bibi harusi hasimami, akaenda uani, akamleta mwanamke mwenye povu mikononi.

"Mpeni aliyemlea," mama alinong'ona. "Mimi nilimwacha."

"Wifi, usinitahayarishe mbele za watu," alisema Bi Hidaya. "Mimi nilimlea mwana wako."

"Na aliyemfumbua macho, je?" aliuliza mama, aliyekuwa amesikia yote dirishani. Bi Mize akatazama chini.

"Bibi harusi, sema wewe," alihimiza mshenga.

Uso ulimwaka Mwanasiti. Jina la mama yake hakuwahi kulitamka mbele ya mtu.

"Mama yangu mzazi ni Tatu binti Feruzi."

Jina limempata mwenyewe. Mkaja bado uko mkononi mwa mshenga. Nyinyi mnaosikia, mzazi, mlezi au somo: mngemfunga nani?