Ndovu Aliyekuwa Mtamu

Hadithi iko mlangoni!
Ifungulieni iingie!
Imeingia, imekaa kitako!
Basi ianze, tumetega masikio!

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na miwa, mizinga ya nyuki na bwawa moja tu. Mwenye nguvu kuliko wote alikuwa Ndovu, na Ndovu aliweka sheria.

"Kitamu chochote cha bonde hili ni cha atakayekigundua kwanza."

Kwa kuwa mkonga wake ulinusa mbali, kila kitamu alikigundua yeye. Mzinga ukijaa, Ndovu kaunusa. Muwa ukikomaa, Ndovu kauona. Mwenye arusi akipika kashata, Ndovu yuko uani, anauliza kama zimepoa. Wanyama walimtazama tumbo wakasema, "Mzee amenawiri!"

Kiangazi kilipofika, Ndovu akashikwa na kiu. Akaenda bwawani: gubu-gubu-gubu! Akarudi kichakani: chwaaaa! Kiu tena. Bwawani: gubu-gubu-gubu! Kichakani: chwaaaa! Siku ya tatu maji yalimfika Swala magotini. Siku ya sita yalimfika kwatoni. Na Swala alikuwa na mtoto wa wiki mbili.

Wanyama wakakutana.

"Amerogwa," alisema Ngiri. "Anakula hivyo, na bado anakonda."

"Ni mawazo," alisema Kobe. "Tangu afiwe na mkewe hayuko sawa."

Sisimizi akanyanyua mguu wa mbele. "Naomba niseme. Mkojo wake ni mtamu."

Wakacheka mpaka Ngiri akapaliwa.

"Kwani umeuonja?"

"Tumeuonja ukoo mzima. Sukari imemzidi mwilini, mwili unaitoa kwa mkojo, ndiyo maana maji hayamtoshi."

"Basi kamwambie!"

"Nilimwambia jana. Alisema nina wivu, akaagiza asali."

Asubuhi iliyofuata Ndovu alikuta sisimizi elfu moja wamejipanga mbele ya kichaka chake, mstari mnyoofu. Wanyama wengine walisimama mbali kidogo, wakitazama.

"Shikamoo, mzee," alisema Sisimizi.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tumekuja kuchukua mali yetu."

"Mali gani, we kinukta?"

"Wewe. Kitamu chochote ni cha aliyekigundua kwanza. Umekuwa mtamu, na tumekugundua sisi."

"Mimi ni muwa?"

"Kojoa hapo, wote waone."

Ndovu akakojoa kwa hasira. Chwaaaa! Sisimizi elfu moja wakateremka, tii-tii-tii, wakainamisha vichwa, wakanywa. Hakuna aliyecheka.

"Ushahidi huo," alisema Sisimizi akifuta mdomo. "Sasa tunaanza kuvuna. Tutaingilia mkongani, kuna nafasi."

Ndovu hakuogopa simba, hakuogopa moto. Aliogopa sisimizi mkongani. Akauinua juu kabisa.

"Ngojeni! Nisipokuwa mtamu, je?"

"Hatukuhitaji."

"Nifanye nini basi?"

"Acha asali, miwa na kashata. Kula majani na magome. Panda kilima kile kila asubuhi. Nenda kwa tabibu Korongo akupime, akupe dawa, na uinywe anavyosema yeye, si unavyopenda wewe. Sisi tutapita kila alfajiri kuonja."

"Na mlijuaje haya yote, wadogo nyinyi?"

"Mwaka juzi tulikuja vivi hivi kwenye mkojo wa mkeo. Ulitumwagia majivu."

Ndovu akaushusha mkonga polepole. Akageuka, akaanza kupanda kilima.

Alfajiri ya kwanza Sisimizi alionja. "Asali tupu."

Alfajiri ya saba alionja. "Chai ya mgeni."

Alfajiri ya ishirini alionja, akatema. "Pffuu! Ovyo kabisa. Hongera, mzee!"

"Nimepona! Leteni kashata!"

"Hujapona. Umetulia tu. Kesho alfajiri tuko hapa."

"Na kesho kutwa?"

"Na kesho kutwa."

Ndovu akaguna, akabandua gome, akatafuna kama anayetafuna mkeka. Lakini kiu ilikuwa imepungua. Bwawa liliacha kushuka. Maji yalibaki kwatoni mwa Swala mpaka mvua iliponyesha, na mtoto wake alikunywa humo kila siku, akimrushia Sisimizi matope.

Hadithi yangu imevaa viatu, inaaga.
Isindikizeni mpaka njiani!

Funzo lake, wasikilizaji, ni kwamba wadudu hawana adabu. Ukiwakuta wamejaa mahali ulipojisaidia, usijiulize kitu, wala usimsumbue daktari. Nunua dawa, wapulizie wote wafe. Kisha rudi ndani, kaa, mimina chai, tia vijiko vitano. Na mkeo akisema ana kiu, mtilie na yeye.