Wageni wa Bustani ya Sultani

Hapo zamani, wakati milango ya majumba ilikuwa mirefu na subira ya wenye majumba ilikuwa fupi, palikuwa na sultani katika mji wa Shungwani, jina lake Masudi. Alirithi kwa baba yake bustani ya mawaridi na asumini, na juu ya lango lake baba mtu alikuwa amechonga kiapo: "Aingiaye humu asifukuzwe, wala asinyimwe chakula chake." Kiapo cha marehemu hakuna wa kukitangua, basi Sultani Masudi akakitii.

Mwaka huo alikuwa akimwoza binti yake, na maua mengi yakatakiwa. Ikawa bustani imevamiwa na vidukari, wale wadudu wa kijani wadogo kama punje za ulezi, waliojipanga chini ya majani na kwenye machipukizi wakifyonza utomvu bila kupumzika. Majani yakajikunja, vitumba vikanyauka, na kila kitu kikawa kinanata. Mtunza bustani hakuthubutu kumgusa hata mmoja, maana walikwishaingia, na aliyeingia hafukuzwi.

Nje ya ukuta wa bustani, katika kibanda cha makuti, alikaa Vuai na mkewe Kidawa. Vuai alikuwa kibarua wa kupalilia kunde za watu, hana mbele wala nyuma, ila ulimi alijaliwa. Siku moja sokoni akasema, "Ajabu ya bustani hii! Langoni askari arobaini wenye mikuki, na ndani wanakula wasio na meno." Watu wakacheka, na maneno yakamfikia Waziri Nasibu, ambaye siku nyingi alikuwa akikitamani kiwanja cha kibanda kile ajenge banda la farasi wake. Akayapeleka kwa Sultani, akayatia chumvi njiani.

Vuai akaitwa barazani.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "uliyeiona kasoro ndiwe utakayeiona dawa. Nakupa siku saba. Vidukari waishe, na mkono wa mwanadamu usimuue hata mmoja, wala usimfukuze. Ukishindwa, kibanda chako kitavunjwa, nawe na mkeo mtauhama mji wangu."

Vuai akakifikiria kibanda chake. Kibanda chenyewe kilivuja, lakini hakuwa na kingine, na Kidawa alikipenda.

"Hewala, bwana wangu," akasema. "Ila naomba kuuliza. Kiapo cha marehemu ni cha wageni wote, au wateule tu?"

"Wote, wakubwa kwa wadogo."

"Na kila mgeni atakula chakula chake yeye, alichokizoea kwao?"

"Ndivyo ilivyochongwa."

"Basi, kwa hisani yako, kadhi aandike."

Kadhi akaandika, na waziri akacheka pembeni.

Nyumbani Kidawa akashika kiuno. "Mume wangu, mbuzi wa watu hufungwa kamba. Ulimi wako mimi niufunge na nini?"

"Niazime kanga yako kwanza," akajibu Vuai, "ulimi tutaufunga baadaye."

Miaka ishirini alikuwa ameinama juu ya kunde, na huko aliwajua wadudu fulani wekundu, wa mviringo, wenye madoa meusi mgongoni, ambao wakipanda shina lenye vidukari hawashuki mpaka wamelisafisha. Akawaokota mmoja mmoja hata kapu likajaa, akalifunika kwa kanga, akaingia nalo bustanini. Askari wakampisha, maana alikuwa na kazi ya Sultani. Akawafungulia wageni wake kwenye mawaridi, akakaa chini kutazama.

Lahaula! Sisimizi wakatoka kila upande. Kumbe wao huramba ule utamu unaotoka kwa vidukari, na huwalinda kama mchungaji na ng'ombe wake. Wakawauma wageni wa Vuai miguuni, nao wakaruka kwenda zao. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Vuai akaogopa kweli kweli, hata Kidawa akaacha kumtania.

Siku ya nne akaenda barazani, akapiga goti.

"Bwana wangu, nimekuja kushitaki. Wamo humo bustanini mwako wanaowafukuza wageni wako. Ni sisimizi, na mashahidi ni askari arobaini."

Baraza zima likaangua kicheko, lakini kadhi hakucheka. Alikuwa mtu wa vitabu. Akafikiri, kisha akasema, "Anayekivunja kiapo hawezi kujikinga nacho. Sisimizi wazuiwe mlangoni."

Basi Vuai akaviringisha vitambaa kwenye mashina, akavilowesha mafuta ya mbarika, na matawi yaliyogusa chini akayainua akayafunga. Sisimizi wakapanda, wakafika kwenye mafuta, wakageuka. Akaleta kapu la pili na la tatu, na safari hii wageni wakatulia mezani.

Waziri, kwa kuona mambo yanageuka, siku ya sita akawatuma watu wakakivunja kibanda kabla ya wakati. Kidawa akalia waziwazi, mbele ya makuti yaliyotawanyika, na Vuai akayaokota moja moja.

Siku ya saba Sultani akaingia bustanini. Akageuza jani, akageuza la pili. Hakuona kidukari hata mmoja, na machipukizi yalikuwa yamenyooka.

"Bwana, ni hila!" waziri akapaza sauti. "Ameleta wauaji!"

"Nimeleta wageni," akasema Vuai. "Hawali wali wala halua. Wamekula chakula chao, na kadhi ameandika."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. "Umenishinda, Vuai! Rudi kibandani kwako kwa amani."

"Kibanda gani, bwana wangu? Waziri amekivunja jana."

Kicheko kikakatika. Hapo Kidawa, kwa lango lililoachwa wazi nyuma ya Sultani, akaingia na mkeka kichwani, sufuria mkononi, akaweka vyote chini ya asumini, akaketi, akaamkia kwa adabu. Vuai akaketi karibu naye.

"Sisi tumeingia," akasema. "Na chakula chetu, bwana wangu, ni wali na kuku."

Sultani akakitazama kiapo cha baba yake juu ya lango, kisha akamtazama waziri wake. Akaamuru kibanda kijengwe upya, kikubwa kuliko cha kwanza, na mjenzi awe Waziri Nasibu mwenyewe kwa mikono yake. Hadi kikamilike, jiko la Sultani likawapikia wageni wawili wa bustanini. Waziri hakuwahi kushika hata panga la kukatia fito, kwa hiyo kazi ikaenda polepole sana, na Vuai kila asubuhi alikuwa akipita kumwambia asijichoshe.