Kanzu ya Bandi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakivaa nguo na kulipana mishahara, Mzee Kiboko alikuwa na duka la ushonaji. Cherehani aliiendesha mwenyewe, kraka-kraka-kraka! Lakini vidole vyake vilikuwa vinene kama magogo, kwa hiyo kazi zote za sindano alizifanya mfanyakazi wake, Kindi.

Aliyelipa mshahara alikuwa mke wa Kiboko, Bi Sitara. Alipofariki, Mungu amrehemu, Kiboko akaushika mkoba wa fedha, akajiona tajiri mkubwa. Tajiri mwenye cherehani moja!

Siku ya arobaini ya marehemu, Kindi akaja kuaga.

"Mzee, leo ndiyo siku yangu ya mwisho, kama nilivyokuarifu. Nipe mshahara wangu wa siku arobaini nikanunue cherehani. Nisipofika kabla ya adhuhuri, anaichukua Ngedere."

Kisha akaitazama kanzu mpya aliyovaa Kiboko. "Lo! Vua kwanza hiyo, mzee. Nimeipiga bandi tu, haijapita kwenye mashine. Ukivuta uzi, yote inaachia."

"Unanifundisha ushonaji, wewe? Wageni wa dua wameshafika. Njoo tuhesabiane mbele yao, waone tajiri anavyoagana na mtu wake!"

Kiboko akaketi barazani, kifua mbele. Kindi akaketi nyuma yake na kijiti mkononi.

"Sindano tatu ulizovunja," Kiboko akaanza. "Nakata."

"Naam, mzee." Fyuu!

"Chai, vikombe ishirini na sita."

"Chai alinizoesha marehemu, mzee."

"Marehemu alikuwa na moyo laini. Nakata."

"Haya." Fyuu!

Kiboko akahisi kijiupepo kikimpuliza mbavuni. Akamshukuru Mungu kwa siku yenye baridi nzuri.

"Na siku ya mazishi hukufanya kazi."

Kindi akakishusha kijiti. "Siku ile nilikuwa nachimba kaburi pamoja nanyi, mzee."

Kiboko akaikumbuka siku ile. Laiti angeishia hapo. Lakini wageni walikuwa wakimtazama, naye aliona aibu kurudi nyuma.

"Nakata," akasema, sauti ikiwa ndogo.

Fyuuuu!

"Na uzi! Uzi wote wa duka ni wangu."

"Huo nakurudishia wote, mzee. Mpaka wa mwisho."

Kiboko akageuka, akakiona kijiti kimenenepa kwa uzi mweupe. "Mnaona, jamani? Ananikusanyia hata nyuzi za sakafuni!"

"Basi tusimame tuombe dua," akasema Mwalimu Kobe.

Kiboko akasimama. Pwa! Mkono wa kulia ukaanguka. Pwa! Wa kushoto. Halafu kanzu yote, puu, miguuni! Akabaki na kaptura yake ya viraka viwili, tumbo nje.

"Astaghafirullah!" wageni wakasema, kisha wakaangua kicheko. Kiboko akajifunika mkeka.

"We Kindi! Umefanya nini?"

"Kila ulipokata ujira wangu, mzee, nami niliiondoa kazi yangu. Uzi wako huu hapa."

Kiboko akautazama ule uzi. Akamkumbuka Bi Sitara, jinsi alivyokuwa akiziba mdomo kwa ncha ya kanga kila mumewe alipojitia ukubwa. Tumbo likaanza kutikisika chini ya mkeka. Akacheka, na machozi yakamtoka.

"Jamani, kiboko mzima nimejivua nguo kwa mdomo wangu! Mwenzangu angekuwepo leo, angecheka mpaka akae chini."

Akafungua mkoba, akalipa siku zote arobaini, akianza na ile ya mazishi.

"Sasa nirudishie mikono, mwanangu. Dua inasubiri."

Kindi akaangalia jua. "Hiyo ni kazi mpya, mzee. Lipa kwanza."

Kiboko akalipa, wala hakuhesabu. Sindano ikaenda, fyu-fyu-fyu! Dua ikasomwa, na Ngedere alipofika kununua ile cherehani, akakuta Kindi ameshaibeba kichwani.

Basi, wanangu, anayeondoka kazini mpeni haki yake yote, ndipo msimame kumwomba Mungu.