Jina la Mtoto wa Zuwena

Hapo zamani, wala si zamani sana, Mombasa palikuwa na fundi cherehani aitwaye Shekue. Mkewe Zuwena alikuwa na mimba ya miezi saba, na kwa siku sita kila alichokula kilirudi. Mkunga alisema wazi kwamba chakula kisipotulia tumboni, mama na mwana wako hatarini.

Zuwena alitamani kitu kimoja tu, achari ya ndimu aliyowahi kuinusa akipita njia. Shekue akanunua ya Marikiti. "Siyo." Akanunua ya Bondeni. "Siyo." Akauzunguka mji mzima, kwa Waarabu, kwa Wahindi, kwa Waswahili wenzake, na kila chupa mkewe aliinusa akageuza uso.

Ndipo akafika kwa Fadumo, Msomali muuza udi. Fadumo aliuliza harufu yenyewe ilikuwaje, Shekue akamweleza kama alivyosimuliwa na mkewe, naye akafumba macho, akasema, "Hiyo ina mafuta ya haradali. Dukani huipati. Nenda kwa Bi Surjit, Mpanjabi, ghorofani nyuma ya soko." Shekue akaapa papo hapo: mtoto akiwa wa kike ataitwa Fadumo.

Bi Surjit alikuwa na chupa moja tu, aliyoianika juani miezi mitatu kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Akaitazama chupa, akamtazama Shekue, akampa. Machozi yakamlengalenga Shekue, naye akaapa tena: mtoto ataitwa Surjit. Ulimi hauna mfupa, jamani.

Zuwena akanusa. "Ndiyo hii." Akalamba, akatabasamu, lakini achari tupu haishibishi mtu, na wali alioupika Shekue ulirudi ule ule. Basi jirani yao Kadzo, Mgiriama muuza chakula, akafunga kibanda chake, akapika ubwabwa, akaketi kumlisha Zuwena kijiko kwa kijiko, na achari kidogo juu yake. Kilichotapikwa alikipangusa, akaanza upya. Alasiri ubwabwa ukatulia, Zuwena akalala. Shekue alilia, mzigo umemtoka kifuani. Na mnajua alifanya nini? Akaapa mara ya tatu.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya saba wanawake wote watatu wakaja, kila mmoja amekuja kumwona somo wake, mtoto mwenye jina lake.

Fadumo akasema, "Bila pua yangu, Shekue angekuwa bado anazunguka."

Bi Surjit akasema, "Kujua si kutoa. Mwanangu alioa bila achari mezani."

Kadzo akasema, "Achari ilimfungua mdomo. Aliyekifanya chakula kikae ni mimi."

Zuwena alicheka kitandani, mara ya kwanza tangu mimba ile. "Mume wangu," akasema, "jina la mwanangu umeligawa kama sadaka. Haya, litamke."

Shekue akamwinua mtoto, akainamia sikio lake. Wanawake watatu wakasogea karibu. Nanyi mnaosikiliza, mwambieni upesi kabla hajafungua kinywa: Je, mtoto huyu ni somo wa nani?